Pika Nusu, Kapu Limalize

Mama amejifungua. Bibi aliyekuja kusaidia amekaa wiki mbili, sasa karudi kijijini. Baba anatoka alfajiri. Je, nani atampikia mzazi? Katika nyumba nyingi jibu ni wewe, hasa kama ni msichana, na hapo ndipo masomo yanapoanza kupotea: leo vipindi viwili, kesho siku nzima. Na wewe mvulana usifunue ukurasa. Maharage hayajui nani kayabandika.

Maharage makavu huweza kukaa motoni saa mbili au zaidi. Lakini si lazima moto uwake muda wote huo. Maji yakishachemka hayazidi kupata moto hata ukijaza kuni. Yanabaki kwenye nyuzi 100 hivi. Kuni unazoongeza zinafidia tu joto linalotoroka kwenye sufuria. Ukilizuia lisitoroke, chakula kinaendelea kuiva chenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya kapu la joto, ambalo wengine huliita jiko kapu.

Tafuta kapu kubwa au boksi imara. Jaza nguo kuukuu, sufi au majani makavu ya mgomba, chini na pembeni, unene wa kama sentimita 10. Acha shimo linaloibana sufuria sawasawa. Shona mto mnene wa kufunika juu. Basi, umemaliza! Sufuria iwe na mfuniko unaobana na iwe imejaa karibu yote, maana sufuria nusu tupu hupoa upesi.

Usiku loweka maharage. Asubuhi mwaga yale maji, weka mengine, chemsha kwa nguvu dakika 20 hadi 30. Hapa usifanye haraka eti kapu litamalizia. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali tu. Yakipikwa kwa joto dogo bila kuchemshwa kwanza, huleta kutapika na kuhara. Kisha tumbukiza sufuria kapuni ikiwa bado inatokota, funika, nenda shule. Nyanya ziache kwanza: uchachu wake huyachelewesha maharage kulainika. Mama atazitia baadaye pamoja na kitunguu.

Baada ya saa nne au tano mama afungue, achemshe tena kidogo, ale. Asichungulie kila mara, kwani kila akifunua joto linakimbia. Akikuta chakula kimekuwa vuguvugu tu, asile. Vijidudu hupenda joto la namna hiyo. Kapu si kabati la kulaza viporo.

Kule Kilimanjaro mzazi hupikiwa mtori, nao unakubali njia hii: chemsha nyama nusu saa, tia ndizi mbichi zilizomenywa, zichemke vizuri, kisha kapuni. Kuponda ni wakati wa kupakua. Mchele ndio rahisi kuliko vyote. Dakika tano za kuchemka, saa moja kapuni, na maji yapunguze kidogo kwa sababu hayapotei na mvuke.

Kwa nini maharage? Mama amepoteza damu wakati wa kujifungua, na maharage yana madini ya chuma yanayosaidia kutengeneza damu nyingine. Mpe na chungwa, au kamulia limau, ili mwili uyafyonze vizuri. Chai isubiri kama saa moja baada ya kula, maana huzuia chuma hicho. Najua, kumnyima mzazi chai ni kesi! Mwambie ni kuisogeza tu.

Kuna faida nyingine usiyoiona kwa macho. Moto ukiwaka muda mfupi, moshi nao unapungua, na moshi wa kuni humweka mtoto mchanga katika hatari ya nimonia. Asibebwe mgongoni wakati unapuliza moto.

Yeye mwenyewe hahusiki na chakula cha kapuni. Maziwa ya mama peke yake yanamtosha mpaka afikishe miezi 6, bila uji mwepesi, bila hata maji. Kwa hiyo sahani ya kwanza ipakulie mama, na iwe imejaa.