Aanze na rekodi ipi?

SWALI: Msomaji anayetaka kuzijua kwarteti za Kicheki aanze na rekodi zipi?

JIBU: Aanze na Smetana Quartet, kundi lililodumu tangu 1945 hadi 1989 na kurekodi sana kwa kampuni ya Supraphon. Wanamuziki hao wanne walizoea kupiga bila noti mbele yao, na hilo linasikika.

Awasikilize katika kwarteti ya kwanza ya mtunzi Smetana, ya 1876. Kwenye sehemu ya mwisho furaha inakatika ghafla. Fidla ya kwanza inashikilia sauti moja, ya juu mno, nyembamba kama sindano. Huo ndio mlio uliomsumbua mtunzi masikioni kabla hajawa kiziwi, mwaka 1874.

Na mtunzi Janáček? Amtafute kwa Janáček Quartet, nao walizoea kupiga bila kutazama noti. Ila asianzie hapo; muziki wake ni mkali.