Kuchagua Gramafoni kwa Pesa Kidogo

Gramafoni nyingi ni za aina mbili: kuna ambayo mota huzungusha sahani kwa mkanda wa mpira, na kuna ambayo mota huizungusha moja kwa moja.

Kwa kusikiliza tu, ya mkanda yatosha, bora uzito wa sindano urekebishike. Sindano nzito hula santuri.

Kwa kunasa vipande vya kutungia wimbo mpya, tafuta yenye waya wa kompyuta.

Lakini kwa kukwaruza kama madijei, mkanda haufai, maana huteleza. Ndiyo sababu madijei waliipenda Technics SL-1200, iliyotoka 1972 bila mkanda.

Nakushauri ujaribu dukani: zuia santuri kwa kidole, kisha uiachilie. Ikichelewa kushika kasi, mimi siichukui, hata iwe bei poa. Heri mtumba wenye mota imara. Rahisi ghali, bwana!