Mashahidi Wengi na Neno Moja

Leo twataka kuwaeleza habari za maksai mmoja, maana kwake twaweza kujifunza jambo litupasalo kila tufunguapo simu zetu.

Mwaka 1906 palikuwa na maonyesho ya wanyama katika mji wa Plymouth, Uingereza. Maksai mnene aliwekwa mbele ya watu, nao wakaalikwa kukisia uzito wa nyama yake akiisha kuchinjwa na kutengenezwa. Kila aliyetaka alinunua cheti kwa peni sita, akaandika hesabu yake, akangoja tuzo. Wengine walikuwa wachinjaji na wafugaji. Wengine hawakujua lolote ila kuvutwa na tuzo. Baadaye mtaalamu Francis Galton aliviazima vyeti vile. Vibovu akaviondoa, vikabaki 787. Akavipanga toka hesabu ndogo hata kubwa, akatazama kile cha katikati kabisa. Kilisema ratli 1207. Na mizani ilikuwa imesema ratli 1198. Wamezidisha ratli 9 tu! Galton aliitangaza habari hiyo mwaka 1907 katika gazeti liitwalo Nature.

Mbona ikawa hivyo? Si kwamba kila mmoja alikuwa na maarifa. Wengi walikosa, na wengine walikosa mbali. Lakini huyu alikosa kwa kuzidisha na yule kwa kupunguza, hata makosa yao yakafutana, na kile kidogo cha kweli alichokuwa nacho kila mmoja kikabaki. Ila liangalieni sana neno hili: kila mtu aliandika cheti chake kwa shauri lake mwenyewe. Tena alikuwa amelipa peni zake, kwa hiyo hakuandika ovyo.

Mwaka 2011 wataalamu wa Zurich walitangaza jaribio lao. Wanafunzi 144 waliulizwa maswali ya hesabu juu ya nchi ya Uswisi, kama vile urefu wa mpaka wake. Wale walioonyeshwa majibu ya wenzao walianza kuyageuza yao, hata yakakaribiana. Lakini hayakuukaribia ukweli kwa kadiri hiyo. Na ajabu ni hii, mioyo yao ilizidi kuwa na hakika.

Sisi nasi tumeshikwa na kosa lilo hilo. Mwaka 2020, siku za korona, tuliletewa kwa simu habari za dawa ya mvuke mara sita katika siku moja, kutoka makundi mbalimbali. Tukasema moyoni, mashahidi sita hawawezi kukosa wote. Lakini jioni tulipozilinganisha zile barua, tuliona hata herufi iliyokosewa ilikuwa ile ile katika zote sita. Kumbe shahidi alikuwa mmoja tu, wala hatukumjua. Twakiri ya kuwa wakati ule tulikuwa tumekwisha kuzipeleka kwa ndugu zetu. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo wenye WhatsApp waliweka sheria kwamba neno lililokwisha kupitishwa mara nyingi lisipelekwe ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja.

Je, tuiache mitandao yote? Hatukubali. Itazameni kamusi elezo ya Wikipedia, iliyoanza mwaka 2001, nayo ya Kiswahili mwaka 2003. Huandikwa na watu wengi wasiojuana, nao huziona kazi za wenzao kila siku. Lakini nyuma ya kila ukurasa imewekwa historia yake: nani amebadili nini, na siku gani. Upo pia ukurasa wa majadiliano, ambapo mtu aweza kuuliza, "Neno hili umelitoa wapi?" Aliyepotosha hurekebishwa na mwingine, wala yeye hana ruhusa ya kufuta alama za kosa lake. Barua ile ya mvuke haikuwa na historia wala mahali pa kuuliza.

Siku mtakapokutana tena kwa mafundisho, fanyeni jaribio hili. Mjaze kibaba cha maharage. Kila mtu aandike kwa siri idadi ya punje, karatasi zikusanywe, mtafute ile ya katikati. Kisha mjaze chombo kingine cha kadiri nyingine, na safari hii kila mtu ataje hesabu yake kwa sauti, mzee wa kwanza akitangulia. Halafu mwageni maharage yote mezani, mhesabu.