Kupanda Mlima Kenya Bila Kujiandaa: Somo kwa Wanachama

Kila likizo ya Agosti inapokaribia huwezi kukosa kusikia bwenini wenzetu wakipanga safari ya Mlima Kenya. Mmoja ana raba, wa pili ana sweta ya shule, na wa tatu anajigamba ati yeye ni mkimbiaji wa mita 5,000, kwa hivyo mlima utamtetemekea. Nia ya makala haya si kumtia mtu woga. Mlima ni wetu na tunapaswa kuupanda. Lakini wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka, na sijui ni wapi methali hii ina ukweli kuliko huko juu.

1. Mlima wenyewe

Mlima Kenya una vilele vitatu vinavyojulikana sana. Batian una mita 5,199, Nelion mita 5,188, na Lenana mita 4,985. Viwili vya kwanza ni vya wakwezi wenye kamba na ujuzi wa kupanda majabali. Lenana ndicho kilele cha watu wa kawaida, kwa maana hufikiwa kwa miguu tu. Na hapo ndipo penye mtego! Kwa kuwa njia haihitaji kamba, watu hudhani haihitaji maandalizi pia.

2. Hewa inapopungua

Watu wengi husema kwamba juu mlimani "hakuna oksijeni". Hilo si sahihi. Kila mahali, Mombasa au Lenana, oksijeni ni kama sehemu 21 katika kila sehemu 100 za hewa. Kinachopungua ni kani ya hewa. Ukikaribia mita 5,000, kani hiyo huwa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani. Maana yake ni kwamba kila pumzi unayovuta inakupa takriban nusu ya oksijeni ambayo mtu wa Mombasa anapata.

Mwili unaweza kuzoea hali hii, lakini unataka muda. Usipopewa muda huo, unapatwa na ugonjwa wa mwinuko. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, uchovu na kukosa usingizi. Ukizidi, maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba. Mgonjwa wa mapafu hukohoa na kutweta hata akiwa amekaa tu. Mgonjwa wa ubongo hupepesuka kama mlevi na kusema maneno yasiyoeleweka. Hali zote mbili zinaweza kuua kwa muda mfupi, na tiba yake kubwa ni moja: kumteremsha mgonjwa mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Mkimbiaji wetu wa mita 5,000 naye? Ugonjwa huu hauchagui mwenye misuli. Tena, kijana mwenye nguvu yumo hatarini zaidi, kwa sababu miguu yake inamfikisha juu kabla damu yake haijawa tayari.

3. Hesabu ya safari

Hebu tupige hesabu. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Sasa tazama njia ya Naro Moru. Wengi hulala usiku wa kwanza kwenye Kituo cha Hali ya Hewa, mita 3,050. Usiku wa pili hulala kambi ya Mackinder, mita 4,200. Toa moja kwa nyingine upate 1,150. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kipimo! Halafu saa nane au saa tisa za usiku wanaamshwa waende Lenana, mita 785 zaidi.

Dawa ya hesabu hii ni siku za ziada. Ongeza usiku mmoja kwenye Kituo, na mwingine Mackinder. Mchana tembea juu kidogo, kisha urudi chini kulala. Wapagazi na waongozaji husema "pole pole" siku nzima. Wanajua wasemalo.

4. Baridi, mavazi na sufuria

Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Usiku kambini maji huganda. Hatari kubwa lakini ni baridi ikiungana na maji. Nguo ya pamba, ikiwemo ile suruali ya jinzi unayoipenda, ikilowa hunyonya joto la mwili badala ya kulihifadhi. Vaa sufu, na juu yake koti lisilopenya mvua. Beba boshori, glavu, soksi kavu za kulalia na tochi. Usinunue viatu vipya jana yake, maana utarudi na malengelenge. Na kwenye lile tope la mteremko mkali baina ya Kituo na Mackinder, raba za shule zitakutoka mguuni. Ndiyo sababu utawaona wapagazi wengine wakipita hapo na gambuti.

Jambo jingine: msibebe githeri mbichi. Kule mita 4,200 maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi, wala si 100. Maharagwe yatatokota mpaka mafuta ya jiko yaishe na bado yatakuwa magumu. Beba vyakula vyepesi kuiva, na unywe maji mengi hata kama husikii kiu.

5. Waitaliano watatu

Kuna watakaouliza, "Kwani hakuna waliopanda bila vifaa?" Wapo. Tarehe 24 Januari 1943, wafungwa watatu wa vita, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya Nanyuki ili wapande mlima. Walikuwa wamejitengenezea mashoka ya barafu kutokana na nyundo, na kamba kutokana na vitanda vyao. Picha ya mlima kwenye kibandiko cha mkebe wa chakula iliwasaidia kama ramani. Tarehe 6 Februari, Benuzzi na Balletto walisimika bendera yao Lenana, kisha wakarudi wenyewe kambini!

Lakini tusisome kisa hiki kombo. Wawili hao walikuwa wakwezi wazoefu kwao. Walichukua takriban wiki mbili kufika juu, kwa hivyo miili yao ilipata muda. Barsotti alipougua, alibaki chini. Na walipojaribu Batian ikawashinda, waligeuka. Walikosa vifaa, hawakukosa busara. Wenzetu wengi wana kinyume chake.

6. Silaha iliyo bora

Kifaa muhimu zaidi hakiuzwi dukani, nacho ni ulimi. Sisi wanafunzi tuna tabia moja mbaya: mwenzetu akisema kichwa kinamuuma, tunamcheka na kumwita legelege. Basi naye ananyamaza. Shuleni atakosa kipindi kimoja tu. Mlimani, mficha maradhi, kifo humuumbua, na safari hii si methali tu ya mtihani.

Kwa hivyo, kundi likiwa bado langoni likubaliane mambo matatu. Kwanza, kila asubuhi na jioni kila mtu aseme hali yake bila kuchekwa. Pili, mwenye dalili asipande hata hatua moja mpaka zimwishe, na zikizidi ateremke. Tatu, hakuna anayeteremka peke yake. Nendeni na mwongozaji na mtu mzima, na mjiandikishe langoni mkiingia na mkitoka. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lenana itakuwepo mwakani pia.

Msamiati

Kani ya hewa: nguvu ya hewa inavyosukuma kila kitu.
Kutweta: kupumua kwa haraka na kwa shida.
Kupepesuka: kuyumbayumba wakati wa kutembea.
Boshori: kofia ya sufu inayofunika masikio.

Maswali

1. Kwa nini si sahihi kusema kwamba mlimani hakuna oksijeni?
2. Panga safari ya kutoka mita 3,050 hadi 4,200 bila kuvunja kanuni ya mita 500. Utalala mara ngapi njiani?
3. Mwenzako anapepesuka saa sita usiku kambini naye anasema, "Niacheni nilale." Utafanya nini, na kwa nini?