Pamba ya Australia na Mizani ya Mkula: Mwongozo kwa Wakulima, Makarani na Viongozi wa AMCOS

Mwongozo huu ni kwa mkulima wa pamba wa Mkula na vijiji jirani vya wilaya ya Busega mkoani Simiyu, kwa karani anayempimia, na kwa kiongozi wa chama cha msingi cha ushirika wa mazao (AMCOS) anayekaa meza moja na mnunuzi. Unazungumzia habari za Australia kwa sababu ya kikazi kabisa: nchi hiyo huvuna pamba wakati mmoja na sisi, na huiuza kwa wateja walewale.

Marekani, India na China huvuna kuanzia karibu na Septemba. Australia iko kusini mwa ikweta kama sisi. Hupanda kati ya Septemba na Novemba, huvuna kuanzia Machi, na marobota yake huanza kupakiwa melini karibu na Mei, mwezi ambao kwa kawaida Bodi ya Pamba Tanzania hufungua msimu wa ununuzi. Haina viwanda vya kusokota vya kutajika, hivyo karibu pamba yake yote huuzwa nje. Sehemu kubwa ya pamba yetu nayo bado husafirishwa ikiwa nyuzi tu, licha ya miaka mingi ya kuzungumzia viwanda vya nguo. Mwenye kiwanda wa Vietnam, Bangladesh au Indonesia anapotafuta pamba mpya katikati ya mwaka, huwekewa mezani sampuli ya Australia na sampuli ya Tanzania siku moja.

Hesabu ambayo kila kiongozi wa AMCOS anapaswa kuijua kwa kichwa

Bei ya dunia husomwa kwenye soko la ICE la New York, kwa senti za dola kwa ratili moja, na kwenye kielezo A cha kampuni ya Cotlook ya Uingereza. Zote mbili ni bei za nyuzi, baada ya mbegu kutolewa. Mkulima wetu anauza pamba mbegu, kwa hiyo akisikia senti 70 redioni asidhani ndiyo bei yake.

Ifanyeni hesabu hivi. Kilo moja ina ratili 2.2. Senti 70 mara 2.2 ni dola 1.54 kwa kilo ya nyuzi. Dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 3,850. Kwa makadirio ya tahadhari, kilo tatu za pamba mbegu hutoa kilo moja ya nyuzi, kwa hiyo gawanyeni kwa tatu: mnapata karibu shilingi 1,280. Ongezeni kidogo kwa ajili ya mbegu zinazokamuliwa mafuta na mashudu yake. Kisha toeni gharama za kuchambua, usafiri hadi bandari ya Dar es Salaam, riba ya benki, ushuru wa halmashauri, makato ya pembejeo na faida ya mnunuzi. Kinachobaki ndicho kinachoweza kulipwa Mkula bila mtu kuingia hasara.

Kutokana na hesabu hiyo, senti moja ikipanda au kushuka New York ni takriban shilingi 18 kwa kilo ya pamba mbegu. Andikeni namba hiyo kwenye ubao wa ofisi ya AMCOS, na muibadilishe dola inapopanda au kushuka.

Wanaokumbuka msimu wa 2019 wanajua umuhimu wake. Bei elekezi, ile inayotangazwa msimu unapofunguliwa, ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo ya pamba mbegu. Vita vya ushuru kati ya Marekani na China vikaisukuma pamba ya New York chini hadi ikapita chini ya senti 60 mwezi Agosti. Wanunuzi wakasita, pamba ikalala maghalani, na wakulima wengi wa mkoa wetu wakakaa miezi wakidai fedha zao hadi serikali ilipoingilia kati. Mwaka uliofuata, ugonjwa wa korona ukiwa umefunga viwanda vya nguo duniani, bei ilifunguliwa kwa shilingi 810. Mwaka 2022 ikafunguliwa kwa 1,560, na 2023 ikarudi 1,060. Familia iliyokopa ng'ombe wa kulimia au ada ya shule kwa kutegemea bei ya 2022 iliumia 2023. Kwa hiyo msikope kwa bei ya msimu uliopita. Kopeni, kama ni lazima, kwa bei ya chini mnayoikumbuka.

Siasa za Australia, na pamba inapogeuza njia

Aprili 2020 serikali ya Waziri Mkuu Scott Morrison ilitaka uchunguzi huru kuhusu chanzo cha korona. China ilikasirika. Mwezi Mei ikatoza shayiri ya Australia ushuru wa asilimia 80.5, na Oktoba wafanyabiashara wa pamba wa Australia wakaeleza kwamba viwanda vya China vimeelekezwa kuacha kununua pamba yao. China hutoa kibali cha kuingiza tani 894,000 za pamba kwa mwaka kwa ushuru wa asilimia 1, na nje ya kibali hicho ushuru unaweza kufika asilimia 40. Kiwanda kisichopewa kibali kwa pamba ya Australia hakina sababu ya kuinunua.

Pamba hiyo haikutupwa baharini. Ilielekea Vietnam, Bangladesh, Indonesia na nchi nyingine za Asia, yaani kwenye masoko ambayo pamba yetu nayo huyategemea. Huo ndio ugomvi wa kufuatilia. Australia ikigombana na China, wanunuzi wa Asia ya Kusini-Mashariki wanapata pamba safi nyingi ya kuchagua. Zikipatana, sehemu ya pamba hiyo inarudi China na sisi tunapata nafasi ya kupumua. Mapatano yalianza baada ya chama cha Labor cha Anthony Albanese kushinda uchaguzi wa Mei 2022: ushuru wa shayiri uliondolewa Agosti 2023, Albanese akaenda Beijing Novemba mwaka huo, na ushuru ambao China iliutoza mvinyo wa Australia nao ukaondolewa Machi 2024. Alishinda tena Mei 2025.

Kanuni ni hiyohiyo kwa Marekani. Machi 2025 China iliongeza ushuru wa asilimia 15 kwa pamba ya Marekani. Pamba inayokataliwa China hutafuta mlango mwingine, na mlango huo mara nyingi ni wa mteja wetu.

Habari ya pili ya kufuatilia ni maji. Pamba nyingi ya Australia inategemea mito ya bonde la Murray–Darling. Ukame ulipobana, mavuno ya 2020 yalishuka chini ya marobota milioni moja ya kilo 227. Mvua iliporudi, miaka miwili baadaye yalipita milioni tano. Mabwawa ya kule yakiwa matupu mwezi Oktoba, wakati wa kupanda, mshindani wetu mkubwa wa Mei atakuwa dhaifu. Kuna pia sheria ya mwaka 2023 inayoirahisishia serikali ya Australia kununua haki za maji kutoka kwa wakulima wanaokubali kuuza, ili maji yabaki mtoni. Wakulima wa pamba wa kule wanaipinga vikali. Athari yake ni ya miaka, kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba sheria hiyo itapandisha bei msimu huu, msimsikilize.

Kuhusu dola ya Australia inatosha kujua kwamba ikishuka thamani, mkulima wao hupata fedha nyingi zaidi za nyumbani kwa bei ileile ya dunia, na huuza haraka.

Tunachopoteza wenyewe

Pamba ya Australia mara nyingi hulipwa zaidi ya kielezo cha dunia, na sababu kubwa ni usafi. Hekta moja ya kule inaweza kutoa kilo 2,000 za nyuzi na kuzidi. Mkulima wetu hupata mara nyingi kilo mia mbili hadi mia tatu za pamba mbegu kwa ekari, kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe na kwa mvua ya Mungu. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa msimu mmoja. La usafi linaweza, na ndiyo maana naliandikia kwa kirefu.

Mkono wa mchumaji unaweza kushinda mashine ya kuvunia. Mashine hubeba majani na vikonyo pamoja na pamba, ilhali mama anayechuma shambani huchagua tumba lililofunguka vizuri na kuliacha lililo bichi. Pamba ya Simiyu hutoka shambani ikiwa safi. Uharibifu huanza anapoiweka kwenye kiroba cha sandarusi.

Chukueni kiroba kilichotumika misimu miwili, mkikunjue juani, mkikung'ute juu ya kitambaa cheusi. Mtaona nyuzi nyembamba nyeupe au za kijani zinazodondoka. Nyuzi hizo zikiingia kwenye pamba hazionekani, na mashine ya kuchambua haizitoi, bali huzikatakata na kuzisambaza robota zima. Sandarusi haishiki rangi. Kitambaa kikishafumwa na kutiwa rangi, huonyesha mistari na madoa, na kiwanda kinalazimika kukiuza kwa hasara. Mnunuzi akishaona hivyo mara moja, hukata bei ya pamba yote ya nchi, hata ya mkulima ambaye hakutumia kiroba.

Basi chumieni kwenye mifuko ya kitambaa cha pamba. Khanga kuukuu iliyoshonwa inatosha. Anikeni juu ya turubai la pamba au mkeka, mbali na kuku, mbuzi na jiko la kuni. Tenganisheni daraja la kwanza na pamba chafu au iliyoliwa na wadudu siku hiyohiyo ya kuchuma, kwa sababu ikishachanganyika ghalani hakuna atakayekaa kuichambua tena.

La pili ni maji, mchanga na chumvi. Nalisema wazi kwa sababu linajulikana. Anayemwagia pamba maji ili izidi uzito anaongeza kilo chache leo, lakini pamba hiyo huchemka ndani ya rundo, hugeuka manjano, na mbegu yake haioti. Hasara inaangukia kijiji kizima. Karani ana wajibu wa kukataa mzigo wa namna hiyo hata kama mwenye nao ni shemeji yake, na bodi ya AMCOS ina wajibu wa kusimama naye hadharani anapokataa. Kwa upande wake, mkulima ana haki ya kuona namba ya mizani, kuona stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo, na kupewa risiti yenye kilo zilezile alizoziona.

Kwenye mazungumzo na mnunuzi

Kabla ya kikao, katibu achukue bei ya New York ya wiki hiyo kwenye simu, dola ya Benki Kuu ya siku hiyo, na afanye hesabu ya hapo juu mbele ya wajumbe. Mkiona bei elekezi iko karibu sana na bei ya dunia au imeizidi, ulizeni mnunuzi ana fedha taslimu kiasi gani na atalipa siku ngapi baada ya kupima, kwa kuwa hapo ndipo pamba hulala ghalani. Mkiona nafasi ni kubwa, dai lenu la nyongeza lina msingi. Fungueni magunia machache ya daraja la kwanza mbele yake, ayapekue kwa mikono yake. Asipoona sandarusi, nyongeza ya usafi iandikwe kwenye mkataba kwa shilingi kwa kilo, isainiwe na pande zote mbili, kabla lori la kwanza halijapakiwa.