Kinyama Kidogo kwenye Tundu la Mkojo: Chanzo, Uchunguzi na Tiba

Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi anapoona doa la damu kwenye nguo ya ndani, hudhani hedhi imemrudia au amepatwa na saratani. Mara nyingine chanzo ni kinyama kidogo chekundu kilichoota kwenye ukingo wa tundu la mkojo. Wataalamu hukiita karankuli. Si saratani, hakiambukizi, wala hakitokani na uchafu au mwenendo mbaya. Hata hivyo, hakistahili kupewa jina hilo kabla ya kuchunguzwa.

Chanzo

Sehemu ya mwisho ya mrija wa mkojo wa mwanamke, kama ulivyo uke, huhitaji homoni ya estrojeni ili utando wake ubaki mnene na imara. Baada ya ukomo wa hedhi homoni hiyo hupungua. Uke hunywea, na utando wa ndani wa mrija hubinukia nje, hasa kwenye ukingo wa nyuma unaoelekea ukeni. Utando uliozoea kuwa ndani sasa husuguliwa na nguo na kuwashwa na mkojo. Huvimba, hujaa mishipa midogo ya damu, na kuwa kinyama laini ambacho kwa kawaida hakizidi sentimita moja au mbili.

Dalili

Wanawake wengi hawana dalili. Kinyama huonekana wanapochunguzwa kwa sababu nyingine. Wengine huona matone ya damu, huhisi maumivu wakati wa kukojoa au wa tendo la ndoa, au hupapasa kitu wanapojisafisha. Ni nadra kwa mkojo kuziba.

Uchunguzi

Mhudumu aombe ridhaa, ahakikishe faragha, kisha atazame kwa mwanga wa kutosha. Karankuli huwa upande mmoja wa tundu, nayo ni laini. Uvimbe unaozunguka tundu lote huashiria utando wa mrija uliochomoza. Vinyama vingi vyenye uso uliokwaruzika huenda ni masundosundo, yanayoletwa na virusi vya papiloma. Uvimbe mgumu, wenye kidonda, wenye rangi nyeusi au unaokua haraka utiliwe shaka ya saratani, na mgonjwa apewe rufaa mapema ili kipande kichukuliwe na kupimwa maabara.

Mkojo upimwe. Katika maeneo yenye kichocho cha mkojo, kama Unguja na Pemba, mayai ya kichocho yatafutwe pia. Zaidi ya yote, mhudumu asiridhike kwa kuwa ameona kinyama. Mwanamke anaweza kuwa na karankuli na wakati huohuo akawa na saratani ya shingo ya kizazi au ya mji wa mimba. Damu yoyote inayotoka baada ya ukomo wa hedhi ichunguzwe mpaka chanzo chake kijulikane kwa hakika.

Kwa watoto wa kike

Kuchomoza kwa utando wa mrija huonekana pia kwa wasichana ambao hawajabalehe, hasa wenye asili ya Kiafrika. Mzazi huona damu kwenye chupi, na mara huingiwa na hofu kwamba mtoto amenajisiwa. Shaka hiyo isipuuzwe, lakini pia isigeuzwe kuwa hukumu kabla ya uchunguzi. Mhudumu anayetambua uvimbe mwekundu wa mviringo, wenye tundu la mkojo katikati, humpatia mtoto tiba sahihi na huweza kuiepusha familia na tuhuma isiyo na msingi.

Tiba

Karankuli isiyo na dalili haihitaji kuondolewa, inatosha kufuatiliwa. Yenye kusumbua hutibiwa kwanza kwa kukalia beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku, pamoja na krimu ya estrojeni inayopakwa mahali hapo kwa maelekezo ya daktari. Mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya matiti amweleze daktari kabla ya kuitumia.

Upasuaji hufanywa iwapo kinyama ni kikubwa, kinaendelea kutoa damu, hakikupungua kwa dawa au kinatiliwa shaka. Daktari huingiza mpira wa mkojo, hukata kinyama, kisha hushona ukingo wa utando. Kilichokatwa kipelekwe maabara hata kama kinaonekana hakina madhara. Kinyama huweza kurudi, na mara chache kovu hulibana tundu. Hivyo mgonjwa ambaye mkojo wake umekuwa mwembamba baada ya upasuaji arudi kliniki.

Kukifunga uzi, kukichoma au kukipaka dawa kali nyumbani huleta kidonda, maambukizi na kovu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama, bibi au mlezi aliyeona damu au kinyama mahali hapa afike kituo cha afya bila kuona haya. Naye mhudumu ampokee kwa staha, ili asijute kusema.