Video ya Wimbo, Wahariri Sita: Maswali na Majibu

Chepkoilel, kilomita chache kutoka mjini Eldoret, ilikuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi kabla ya Chuo Kikuu cha Eldoret kupata hati yake mwaka 2013. Kama ilivyo kwenye vyuo vingine, hapa hapakosi kikundi chenye wimbo, simu mbili tatu na laptopu moja. Kurekodi huisha kwa siku moja; mivutano huanza wakati wa kuhariri. Mhariri wa video anajibu maswali ambayo vikundi vya wanafunzi huuliza.

Mwalimu, tuko sita na kila mtu ana maoni. Nani ashike kipanya?

Mmoja tu. Mwingine awe mwongozaji mwenye neno la mwisho, na mkubaliane hivyo kabla ya klipu ya kwanza kukatwa. Wanaobaki watoe maoni kwa maandishi, wakitaja dakika na sekunde. “1:12, midomo imechelewa” ni maoni yanayofanyiwa kazi. “Haijashika” ni lawama tu. Pokeeni maoni kwa awamu tatu, kisha mpangilio wa picha ufungwe. Atakayekuja na wazo jipya baada ya hapo, alihifadhi kwa wimbo ujao.

Ubeti wa kwanza midomo inaendana na sauti. Kufika wa pili, imeachwa nyuma. Kwa nini?

Simu nyingi hazishikilii idadi moja ya fremu kwa sekunde. Giza likiingia au simu ikipata moto, idadi hubadilika. Programu ya kuhariri ikidhani haibadiliki, sauti na picha huachana polepole. Pitisha klipu kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure, uchague kasi isiyobadilika.

Siku ya kurekodi, chezeni wimbo kwa spika kila mnaporudia, na simu zote zinase sauti hata kama ni mbovu. Mtu apige kofi moja kali mbele ya kamera. Kwenye laptopu utaliona kama mwiba kwenye mchoro wa sauti: linganisha miiba, weka wimbo wa studio, kisha zima sauti za simu.

Tulirekodi ndani usiku, picha ina michirizi. Ni taa?

Ni taa na mipangilio ya simu. Stima ya Kenya ni ya hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi huja zikiwa kwenye fremu 30, mpango unaoendana na hezi 60 za Marekani. Weka fremu 25 na shata ya 1/50.

Utapata faida nyingine. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika huwa na fremu 15 kamili kwa kila pigo, basi mapigo manne ni fremu 60. Weka alama kwenye mapigo, lakini usikate kwa kila moja, maana mtazamaji atachoka kabla ya kiitikio. Mchezaji akigeuza kichwa, kata katikati ya mgeuko, klipu inayofuata imalizie mwendo huo. Mstari mzito ukifika, muache mwimbaji aonekane mpaka aumalize.

Klipu za asubuhi ni kali, za alasiri ni za kijivu. Tufanyeje?

Uasin Gishu ndivyo ilivyo wakati wa mvua: asubuhi jua, mchana mawingu. Tafuta kitu cheupe kinachoonekana kwenye klipu zote, kama shati, usawazishe weupe na mwanga kwa kukitazama. Rangi za mapambo ni za mwisho. Klipu zikikataa kufanana, zipe za asubuhi ubeti wa kwanza na za alasiri ubeti wa pili. Mtazamaji hukubali hali ya hewa ibadilike ubeti unapobadilika, si katikati ya mstari.

Laptopu yetu inakwama. Lazima tununue programu?

Hapana. Just A Band, kikundi kilichoanzia kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilitengeneza chenyewe video ya “Ha-He” mwaka 2010, ile ya mhusika Makmende, na nchi nzima ikaizungumzia. DaVinci Resolve ina toleo la bure; liagize litengeneze nakala nyepesi za klipu, uhariri kwa hizo.

Nafasi ndiyo shida. Kwa megabiti 100 kwa sekunde, dakika moja hula megabaiti 750. Kurudia wimbo wa dakika nne mara kumi ni gigabaiti 30. Wekeni nakala mbili kwenye vifaa viwili, kwa watu wawili, vyumba viwili. Msitumiane klipu kwa WhatsApp kama video za kawaida, zitabanwa na kupoteza ubora.

Kabla ya kuipandisha YouTube, tuangalie nini?

Biti, yaani mdundo wa wimbo. Kama mliipakua, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inawahusu. Tafuteni ruhusa ya maandishi. Mkitaka droni, kibali hutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mwisho, andikeni nani alifanya nini, akaunti ni ya nani na pesa zikija zitagawanywa vipi. Fanyeni hivyo mapema, kwa sababu video ikishapata watazamaji, kila mmoja atakumbuka kazi yake kuwa kubwa kuliko ilivyokuwa.